Mlipuko wa homa ya mafua katika shule ya bweni: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya wasichana kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, baada ya miaka ya Uviko. Jina la shule, la wilaya na mwaka wenyewe vimeachwa, na baadhi ya maelezo ya wagonjwa yamebadilishwa ili asitambulike mtu. Idadi nazo zimetajwa kwa makadirio kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa katika timu ya afya ya wilaya iliyoitwa shuleni, na baadaye nilikaa kwenye kikao cha tathmini pamoja na walimu na wahudumu wa kituo cha afya.

Nawaandikia matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na matroni, mapatroni na wakuu wa shule za bweni. Ninyi ndio mnaokutana na homa ya mafua, yaani influenza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

## Mahali palivyokuwa

Shule ina wanafunzi wapatao mia sita, kidato cha kwanza hadi cha nne, katika mabweni manane. Kila bweni ni ukumbi mmoja mrefu wenye vitanda vya dabodeka pande zote mbili na njia katikati ambamo watu wawili hupishana kwa shida. Kati ya kitanda na kitanda inaingia tranka moja, basi. Juni na Julai baridi ya huko ni kali, na asubuhi nyingine umande huganda juu ya nyasi. Madirisha ya mabweni mawili yanayopakana yalikuwa yamepigiliwa mbao tangu mwaka uliotangulia, baada ya vibaka kupenyeza mikono na kuiba mablanketi. Kwenye mabweni mengine wanafunzi wenyewe walikuwa wameziba mianya kwa maboksi na nguo kuukuu.

Muhula wa pili ulikuwa ndio kwanza umeanza. Wanafunzi walikuwa wamerudi kutoka likizo ya Juni, wengine Dar es Salaam, wengine Mwanza, Morogoro na Mbeya, na wengi walikuwa wamesafiri kutwa nzima ndani ya basi lililofungwa vioo. Shule haikuwa na muuguzi. Ilikuwa na chumba cha wagonjwa chenye vitanda vinne chini ya matroni. Kituo cha afya cha kata kiko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kina afisa tabibu, wauguzi, kipimo cha haraka cha malaria na mashine ya oksijeni iliyoletwa wakati wa Uviko. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko mbali, saa mbili kwa gari barabara ikiwa nzuri.

## Siku za kwanza: kila mgonjwa na dawa yake

Wa kwanza kufika kituoni alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili aliyetoka likizo Kanda ya Ziwa. Alikuwa na homa ya 39, kichwa kinamgonga, mwili wote unauma na kikohozi kikavu. Kipimo cha malaria kikatoka chanya, akapewa dawa mseto na panadol, akarudi shuleni. Siku ya tatu homa ikashuka. Kila mtu akaridhika kwamba ilikuwa malaria na dawa imefanya kazi.

Baadaye, tulipomuuliza polepole, alisema kwamba alikuwa ametibiwa malaria akiwa nyumbani, wiki tatu hivi kabla ya kufungua shule. Hapo ndipo penye somo kubwa la kitabibu katika kisa hiki. Kipimo cha haraka kinachotumika zaidi kwetu hakitafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu. Protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, wakati mwingine mwezi na zaidi. Majibu chanya kwa mtu aliyetibiwa karibuni yanaweza kusimulia ugonjwa uliokwisha pita. Kituo hakikuwa na mtu wa kusoma damu kwenye hadubini siku hiyo.

Wanafunzi waliofuata walitoka hasi. Hao waliandikwa maambukizi ya njia ya hewa, wengi wakapewa amoksilini na wachache wakapewa azuma, zote antibiotiki. Nao homa zao zikashuka siku ya tatu au ya nne. Wengine hawakufika kituoni kabisa: walimtuma mwenzao duka la dawa akawaletea vidonge vya rangi mbili, na wao pia wakapata nafuu.

Homa ya mafua kwa kijana mwenye afya ndivyo inavyokwenda. Dalili huanza ghafla, siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa, mara nyingi siku ya pili. Homa na maumivu ya mwili hudumu siku tatu au nne, kisha hupoa vyenyewe, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kuendelea wiki mbili na zaidi. Chochote utakachompa mgonjwa siku ya kwanza kitaonekana kimemponya siku ya nne. Dawa mseto ilipata sifa, amoksilini ikapata sifa, rangi mbili zikapata sifa, na virusi vikaendelea kupita kitanda kwa kitanda bila kutajwa jina.

Bwenini nako kulikuwa na tiba yake. Jioni wasichana wanne au watano walijifunika blanketi moja juu ya sufuria ya majani ya mikaratusi na mchaichai, wakajifukiza pamoja, wazima na wagonjwa. Nia yao ilikuwa njema. Walikuwa wanasaidiana kama walivyoona nyumbani kwao wakati wa korona. Lakini kuingia chini ya blanketi moja na mtu anayekohoa ni kumpa virusi njia fupi kuliko zote, na mmoja wao aliungua paja sufuria ilipopinduka.

## Muuguzi na boksi la dripu

Aliyetambua mlipuko alikuwa muuguzi kijana wa zamu ya asubuhi. Siku hiyo walifika wanafunzi wanane kwa mpigo, wote wamevaa masweta ya shule, wote wanakohoa kikohozi kilekile. Alipofungua daftari la wagonjwa wa nje kutazama siku zilizopita, aliona kwamba safu ya makazi imeandikwa jina la shule tu, mstari baada ya mstari. Akachana upande wa boksi la dripu, akachora mistari minane ya mabweni, kisha akamuuliza kila mwanafunzi aliyekaa kwenye benchi: unalala bweni gani, kitanda cha juu au cha chini, jirani yako anaumwa? Kwa waliokuja siku za nyuma alimpigia simu matroni, akamsomea majina mojamoja.

Alama zilijaa kwenye mabweni mawili yanayopakana, yaleyale yenye madirisha ya mbao. Mabweni ya upande wa pili wa uwanja yalikuwa na alama moja moja. Akampigia mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya kabla hajanywa chai. Nasisitiza hili kwa sababu wengi husubiri wapate majibu ya maabara ndipo watoe taarifa. Yeye hakuwa na majibu yoyote. Alikuwa na picha: homa ya 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vilivyoanza ndani ya siku kumi, kwa watu wengi wanaolala mahali pamoja. Maelezo hayo yanatosha kabisa kuanzisha uchunguzi. Shirika la Afya Duniani nalo hutumia hayohayo, homa ya 38, kikohozi na siku kumi, kutambua mgonjwa anayeshukiwa kuwa na mafua ya aina hii.

Timu ilipofika ilianza na vipimo vya haraka vya Uviko, vyote vikatoka hasi. Ilichukua sampuli za puani na kooni kwa wanafunzi ambao dalili zao zilianza ndani ya siku tatu, ikaziweka kwenye boksi la baridi na kuzipeleka maabara ya taifa Dar es Salaam. Majibu yalirudi wakati mlipuko unaelekea kuisha: virusi vya mafua aina ya A, kundi la H3N2. Maamuzi yote ninayoyaeleza hapa chini yalifanywa kabla ya karatasi hiyo kufika.

## Shule ifungwe au isifungwe

Kikao cha kwanza kilifanyika ofisini kwa mkuu wa shule, na kilikuwa kizito. Sauti ilikuwa imeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi ikisema kwamba watoto wanaanguka kwa ugonjwa wa ajabu na shule inaficha. Mjumbe mmoja wa bodi, ambaye naye ni mzazi hapo, alisema kwa uchungu: "Mama mkuu, turudishie watoto wetu, tutawauguza wenyewe." Ombi lake lilikuwa la haki, na lilistahili jibu lenye sababu.

Hoja za kutofunga zilikuwa hizi. Mgonjwa wa mafua huanza kutoa virusi siku moja kabla ya kuumwa, na huendelea siku tano hadi saba baadaye. Watoto wadogo huendelea zaidi. Kwa hiyo kati ya wanafunzi waliokuwa wanaonekana wazima asubuhi ile, baadhi walikuwa tayari wanaambukiza. Kuwapakia kwenye mabasi ya kwenda mikoa mitano ni kuusafirisha mlipuko hadi kwenye nyumba zenye vichanga, wajawazito, bibi na babu, yaani watu ambao homa hii huwaumiza kuliko binti wa miaka kumi na sita. Pili, shuleni tungeweza kumwona kila mgonjwa mara mbili kwa siku. Nyumbani, wengine wangekuwa mbali na kituo chochote cha afya.

Hoja ya kufunga ilikuwa nzito pia: mabweni yalikuwa yamejaa kupita kiasi, na kumwacha binti mzima alale hapo ni kumwambia asubiri zamu yake. Mkuu wa shule alilisema hilo waziwazi, na hakukosea. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa kubakiza wanafunzi kwa sharti kwamba mabweni yapunguzwe watu usiku uleule. Mzazi aliyetaka kumchukua mwanawe mwenyewe kwa gari lake aliruhusiwa baada ya kuzungumza na muuguzi. Mwenye homa hakuruhusiwa kupanda basi.

Ujumbe uliotumwa kwa wazazi jioni hiyo uliandikwa na matroni na mratibu kwa pamoja. Nauweka hapa kwa sababu ulifanya kazi kuliko tulivyotarajia:

"Wazazi wapendwa, wanafunzi wetu wapatao themanini wameugua homa na kikohozi. Vipimo vya Uviko ni hasi. Wataalamu wa wilaya wako shuleni na wanaamini ni homa ya mafua. Wengi wanapata nafuu. Hakuna aliyefariki. Mwanao akiugua tutakupigia siku hiyohiyo. Kama mwanao ana pumu, selimundu, ugonjwa wa moyo au anatumia dawa za kila siku, tafadhali tupigie usiku huu kwa namba hii."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyoleta faida kubwa. Simu zililia hadi saa tano usiku. Tulipata habari za wanafunzi wenye pumu ambao shule haikuwajua, na binti mmoja mwenye selimundu, yaani sikoseli, ambaye wazazi wake walikuwa wameficha hali yake kwa kuogopa asinyimwe nafasi.

## Ukumbi, madirisha na mablanketi

Chumba cha vitanda vinne hakingetosha. Wagonjwa walihamishiwa ukumbi wa mikutano, wenye dari ya juu na madirisha pande zote mbili. Magodoro yalipangwa kwa nafasi ya zaidi ya mita, kichwa cha huyu kikielekea miguu ya yule, na madirisha ya juu yakaachwa wazi usiku na mchana. Wanafunzi wazima kutoka mabweni mawili yaliyoathirika walisambazwa kwenye madarasa matatu yaliyogeuzwa vyumba vya kulala. Fundi wa shule aling'oa mbao za madirisha siku iliyofuata.

Kufungua dirisha kwenye baridi ile ni kumwomba mtoto atetemeke, na wasichana waliyafunga tena mara tu walimu walipoondoka. Jambo hilo halikutatuliwa kwa amri. Mkuu wa shule aliomba mablanketi kwa wazazi wa mjini na kwenye parokia ya jirani, yakaja, na kuanzia hapo madirisha yakabaki wazi. Napenda wakuu wa shule wachukue hili kama lilivyo: hewa safi mahali pa baridi inanunuliwa kwa blanketi la pili.

Ndoo za koki za wakati wa Uviko zilikuwa stoo, zimerundikwa, nyingi koki zimevunjika. Zilitengenezwa na kuwekwa mlangoni mwa bwalo pamoja na sabuni. Kikombe cha plastiki kilichokuwa kimefungwa kwa kamba kwenye tangi la maji, ambacho shule nzima ilikuwa inanywea, kiliondolewa. Mambo haya yana maana, kwani virusi vya mafua vinaweza kuishi siku moja hadi mbili juu ya chuma au plastiki, na mtu hujigusa pua na macho bila kujua. Lakini siku mbili za kwanza nguvu nyingi mno zilikwenda kwenye ndoo, kwa sababu ndoo inaonekana na mgeni akifika anaonyeshwa. Njia kuu ya ugonjwa huu ni hewa ya karibu: matone ya anayekohoa, anayepiga chafya, hata anayezungumza, na chembe ndogo zaidi zinazoelea kwenye chumba kisichopitisha hewa. Wagonjwa wapya walianza kupungua baada ya mabweni kupunguzwa watu na madirisha kufunguliwa. Siwezi kusema kwa uhakika hatua ipi ilifanya nini, maana zilifuatana kwa karibu mno, lakini huo ndio mfuatano wake.

Wahudumu wa ukumbini walikuwa wanafunzi wa kidato cha nne waliokwisha ugua na kupona. Walikuwa na kinga dhidi ya kirusi kilekile, na wenzao waliwasikiliza. Waligawa uji, maji na chai ya tangawizi, ambayo hulainisha koo na kumfanya mgonjwa anywe, nalo ni jambo jema, ingawa haiui virusi. Mgonjwa alikaa ukumbini mpaka siku tano zipite tangu aanze kuumwa, na mpaka amalize saa 24 bila homa na bila kumeza panadol.

## Nani apewe dawa gani

Kwa walio wengi dawa zilikuwa panadol, maji mengi na mapumziko. Antibiotiki zilisimamishwa, isipokuwa penye dalili za bakteria. Kuna wanafunzi waliolalamika kwamba wanapuuzwa, na ilibidi matabibu wakae nao chini kuwaeleza kwamba amoksilini huua bakteria, haigusi virusi.

Matranka yalikaguliwa kwa upole, na vikakutwa vidonge vya maumivu vyenye aspirini vilivyonunuliwa dukani. Viliondolewa vyote. Mtoto au kijana mwenye homa ya mafua asipewe aspirini, kwani inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao hutokea mara chache lakini huharibu ini na ubongo na unaweza kuua.

Dawa ya virusi yenyewe, oseltamiviri, haikuwepo wilayani. Hospitali ya mkoa ilikuwa na dozi chache, ikakubali kutoa kidogo. Hapo lilikuja swali gumu la nani apewe. Dawa hii hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na mtu mzima au kijana mwenye zaidi ya kilo 40 humeza miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku tano. Timu iliamua isiwape waliolia zaidi wala waliokuwa na homa ya juu zaidi, bali walio katika hatari ya kuzidiwa: mpishi wa shule mwenye mimba ya miezi saba aliyekuwa ameanza kukohoa jana yake, wanafunzi wawili wenye pumu ya kubana mara kwa mara, na yule binti wa selimundu.

Binti wa selimundu hakubaki ukumbini. Homa kwa mtu mwenye selimundu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheka na kula, kwa sababu wengu wake haumlindi dhidi ya bakteria na mapafu yake yanaweza kuziba ghafla. Yeye alianzishiwa pia sindano ya antibiotiki kituoni kabla ya gari kuondoka. Alikaa wodini siku chache, akatoka salama.

Miongozo imesogea tangu wakati huo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Kwa mgonjwa mahututi linapendekeza oseltamiviri, ingawa linakiri kwamba ushahidi si mzito. Kwa mgonjwa asiyezidiwa lakini aliye katika hatari kubwa linapendekeza baloksaviri, dawa nyingine ya virusi vya mafua, na oseltamiviri haipendekezwi tena kwake. Kwa hiyo anayesoma kisa hiki asinakili uamuzi wetu wa dawa neno kwa neno. Kinachobaki kilekile ni kumtafuta mwenye hatari mapema, kabla hajazidiwa.

## Binti aliyekuwa amepona

Aliyetutia hofu kuliko wote hakuwa kwenye orodha yoyote ya hatari. Alikuwa mwanariadha wa shule, kidato cha tatu. Aliugua katika kundi la pili, homa ikaisha siku ya nne, siku ya sita akarudi darasani. Siku ya nane alianza kutetemeka upya. Ilikuwa siku ya jaribio la hesabu, na mwalimu wa zamu alidhani anakwepa. Matroni naye, aliyekuwa amechoka kupita kiasi, alimpa panadol akamwambia alale.

Aliyeokoa maisha yake ni jirani yake wa kitanda cha chini. Saa nne usiku baada ya prepo alikwenda kugonga mlango wa matroni: "Shikamoo matroni. Mwenzangu anapumua kama mtu aliyekimbia, na amelala tu." Matroni alikwenda na tochi. Binti alikuwa anashika ubavu wa kulia kila anapovuta pumzi, na kwenye kitambaa chake kulikuwa na makohozi ya rangi ya kutu. Kituoni alihesabiwa pumzi 38 kwa dakika, na kipima oksijeni cha kidoleni kikasoma asilimia 86.

Afisa tabibu hakusubiri kipimo. Alimwekea oksijeni, akamchoma sindano ya antibiotiki iitwayo sefutriaksoni, akamwandikia rufaa, na mashine ya oksijeni ikaachwa kituoni huku mtungi ukipanda naye kwenye gari la wagonjwa. Hospitalini picha ya eksirei ilionyesha nimonia sehemu ya chini ya pafu la kulia. Alipata pia oseltamiviri, ingawa saa 48 zilikuwa zimepita zamani, kwa sababu mgonjwa aliyelazwa hali mbaya huanzishiwa hata akichelewa. Alirudi shuleni kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka.

Homa inayorudi baada ya nafuu ndiyo dalili ambayo ningependa kila matroni aijue kama anavyojua namba za mabweni yake. Virusi vya mafua huchubua utando wa njia ya hewa, na bakteria waliokuwa wanaishi kooni kimya hupata mlango wa kuingia mapafuni. Wakati wa janga la mwaka 1918, lililoingia pwani yetu kupitia bandari ya Mombasa na kufuata reli hadi bara, hali ilikuwa hiyohiyo: uchunguzi wa mapafu ya waliokufa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wengi walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata mafua. Wao hawakuwa na antibiotiki. Sisi tunazo, na tunazimaliza kwa wasiozihitaji siku ya kwanza, kisha tunamsahau anayezihitaji siku ya nane.

## Matokeo

Karibu theluthi ya wanafunzi waliugua, pamoja na walimu kadhaa na wapishi watatu. Wagonjwa wapya walikoma ndani ya wiki tatu tangu yule wa kwanza afike kituoni. Waliolazwa hospitali ni wachache, hakuna aliyekufa. Mpishi mjamzito alijifungua salama. Kijijini karibu na shule kulitokea wagonjwa, baadhi yao wakiwa watoto wa wafanyakazi, na kituo kiliwafuatilia kwa namna ileile.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni taarifa ya mapema isiyosubiri maabara. Mlipuko wa mafua ndani ya jengo hausubiri, kwani kutoka mgonjwa mmoja hadi anayemwambukiza hupita siku tatu hivi tu. Tungengoja majibu ya Dar es Salaam, kazi yetu ingekuwa kuhesabu waliokwisha ugua. La pili ni simu za wazazi usiku ule. Shule ya bweni ambayo haina orodha ya wanafunzi wenye pumu, selimundu, kisukari, VVU au ugonjwa wa moyo, iliyotunzwa kwa siri na heshima, inaingia kwenye mlipuko ikiwa kipofu. Na wazazi hawatasema ukweli huo wakati wa kuandikisha mtoto kama wanaamini utatumika kumkataa.

Kilichoshindikana kwanza ni daftari. Wagonjwa walitibiwa mmoja mmoja, kwa uangalifu, na wahudumu waliochoka, lakini karatasi haikuwa na mahali pa kuonyesha kwamba wanatoka chumba kimoja. Kipimo cha malaria kilichangia: majibu chanya ya mgonjwa wa kwanza yalifunga mjadala uliokuwa haujaanza. Kipimo kikiwa chanya kwa mtu anayekohoa, mtibu malaria, kisha endelea kuuliza kuhusu kikohozi. Hakuna kinachomzuia mtu kuwa na vyote viwili.

Ufuatiliaji baada ya nafuu ulikuwa dhaifu kabisa. Mfumo wa ukumbini ulikuwa mzuri kwa walioumwa, lakini mwanafunzi akiruhusiwa alitoweka machoni petu, na hatari ya nimonia ilikuwa inaanzia hapohapo. Katika kikao cha tathmini ilikubaliwa kwamba kila anayetoka apewe mwenzake wa kulala karibu naye, na huyo aelezwe mambo manne ya kwenda kugonga mlango wa matroni saa yoyote: homa kurudi, kupumua kwa kasi au kifua kuuma, kushindwa kunywa, na kuchanganyikiwa au kulala kusiko kwa kawaida. Kwenye kisa hiki kazi hiyo ilifanywa na msichana ambaye hakuna aliyemfundisha.

Lipo pia suala la mwanafunzi kudhaniwa anakwepa mtihani. Walimu wana sababu za kushuku, wameona mengi. Lakini kuhesabu pumzi kwa dakika moja hakuhitaji mtaalamu, na hakuna anayeweza kuigiza pumzi 38 kwa muda mrefu. Matroni wote wa shule ile sasa wamefundishwa kuhesabu kwa saa ya mkononi, na shule imenunua kipima oksijeni cha kidoleni.

## Chanjo

Swali la chanjo liliulizwa na mzazi wa binti wa selimundu, na lilistahili kuulizwa miaka iliyotangulia. Chanjo ya mafua haikuwa kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wetu. Aliyeitaka aliitafuta hospitali binafsi za mijini na kuilipia. Virusi hivi hubadilika, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huchagua upya mchanganyiko wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini, na aliyechanjwa mwaka jana huhitaji tena mwaka huu. Haizuii kila maambukizi. Katika miaka inapofanana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60 hivi. Wanaotangulizwa ni wajawazito, wahudumu wa afya, wazee, watoto wadogo wenye zaidi ya miezi sita na wenye magonjwa sugu.

Kuchanja shule nzima hakukuwezekana kwa bei ile. Ushauri tulioutoa ulikuwa kuanza na wachache: wanafunzi wenye selimundu, pumu, kisukari na magonjwa ya moyo, matroni, na mfanyakazi yeyote mjamzito. Mwili huhitaji wiki mbili hivi kujenga kinga baada ya sindano, na baridi ya huko huanza Juni, kwa hiyo mpango wenyewe, pamoja na nani atalipia, unafaa uwe mezani mwa bodi mwezi wa Machi, wakati wazazi wanakuja kwenye mkutano wa muhula wa kwanza.